Gambuti za Mutegi

Baba Ruguru,

Usiingie kwenye banda la nguruwe. Chai iko kwenye chupa. Nimepeleka kinyesi kwa daktari wa mifugo, Embu mjini, akipime.

Asubuhi nimekuta nguruwe wawili wamekufa. Jana jioni walikula. Kinyesi kimejaa damu na kamasi. Nilisimama pale na ndoo ya chakula mkononi, nikasahau hata kuiweka chini.

Nimempigia daktari simu, naye anashuku bakteria wa utumbo, wale wanaobebwa na mavi kwenye viatu. Nikampigia ndugu yako Mutegi. Nguruwe wake kule Kanja walikuwa wagonjwa hata kabla hajatutembelea. “Ni kuharisha tu, shemeji,” akaniambia, “si ugonjwa.” Nawe ulimwingiza bandani na gambuti alizotoka nazo kwake, kwa sababu mgeni lazima aonyeshwe mifugo, na kaka mkubwa haambiwi aoshe viatu.

Mizoga iko kando ya migomba. Chimba shimo refu uizike. Isiuzwe, isiliwe, hata mbwa wasipewe. Kisha unawe na kubadili viatu kabla ya kumlisha yule jike mwenye mimba. Yuko peke yake kwenye banda dogo la nyuma na bado anakula. Ndiye tuliyebaki naye.

Mutegi anakuja leo kutupa pole. ~~Usimwambie kitu, nitaongea naye mimi.~~ Mwambie wewe, ni ndugu yako. Akikasirika, akasirike akiwa nje ya lango.

Mama Ruguru