Nilimulika, Sikurekodi

Lindi,
Jumapili, baada ya misa

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza habari za nyumbani, naliweka dai langu mbele, nawe utanivumilia kwa kuwa ndiwe uliyenifundisha kwamba mwenye hoja haanzi kwa kuzunguka nyumba: jioni ile ya kuanua tanga la Bibi, mimi nilimulika, sikurekodi. Barua hii yote imesimama juu ya sentensi hiyo. Ikianguka, iniangukie mimi.

Sasa niambie, u hali gani? Mguu uliokusumbua tangu masika umekubali kwenda nawe shambani? Kifua cha Mama je? Na mvua, zimeshika huko Nyamigogo, au maharage bado yanatazama mbinguni? Mimi ni mzima. Joto la huku halina adabu, linaingia bila hodi na kulala na mtu kitanda kimoja, lakini mwili umeanza kulizoea. Kazi ya halmashauri inakwenda. Naandika taarifa za miradi, na wakubwa wangu wanasema ninaandika kwa urefu kupita kiasi. Nilipowaambia wenzangu kwamba kwetu ndizi ni chakula cha kushiba, si kitu cha kumtulizia mtoto, walicheka. Nilibishana nao siku nzima. Sasa wakila mchana, hawaniiti.

Umeme unakatika mara kwa mara. Mwenye nyumba wangu, Bi Mwanaidi, mama mtu mzima mwenye maneno yake, huniita nimmulikie jikoni anapokaanga samaki. Wiki iliyopita alinitazama mkono akasema, "Wewe kijana wa bara, mbona simu unaishika kama umeiiba? Kidole gumba hicho kinaficha nini?"

Nilijitazama. Nilikuwa nimeziba jicho la kamera kwa kidole. Sijui nilianza lini, Baba. Sasa siwashi tochi ya simu pasipo kuliziba jicho hilo, hata nikiwa peke yangu natafuta kandambili chini ya kitanda.

"Sifichi kitu," nilimjibu.

"Asiyeficha hazibi," akasema, akageuza samaki.

Ndipo nilipojua kwamba lazima nikuandikie. Nimechagua karatasi kwa sababu karatasi haina kamera. Tena nitaeleza mambo unayoyajua, kana kwamba hukuwepo, kwa maana nataka barua hii isomwe mbele ya watu, na miongoni mwao wapo ambao hawakuwepo.

Siku ile tulikuwa tumemaliza siku za maombolezo ya Bibi, mama yako mzazi. Turubai lilikuwa bado uani, rubisi, pombe yetu ya ndizi, imeshaiva, na jua lilikuwa limekwenda zake. Taa ya sola kwenye upenu ilififia kwa sababu kutwa nzima ya mawingu haikuijaza. Akasimama Mzee Zakaria, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, aliyekuja kutoka Burundi akiwa kijana na ambaye Bibi alimpokea wewe ukiwa bado mtoto. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akisema mbele ya watu. Hata kanisani huimba kwa midomo tu.

Nayakumbuka maneno yake yalivyokuja, moja baada ya jingine, kama mtu anayevuka maji kwa kukanyaga mawe:

"Nilifika hapa na mtoto mgongoni na sufuria isiyo na mfuniko. Njia nzima watu waliniuliza, unatoka wapi? Kila nyumba, unatoka wapi? Huyu mama peke yake hakuniuliza hivyo. Alisimama pale kwenye migomba, akaniangalia, akaniuliza neno lingine. Aliniuliza..."

Giza lilikuwa limemla uso. Watu wa nyuma walianza kunong'ona kwamba hawamwoni. Na hapo, Baba, ilitoka sauti kutoka kwenye benchi la wanaume, kando ya Baba Mdogo: "Leopold, wewe uliye karibu, mmulikie mzee."

Binamu yangu Fredi, ambaye hawezi kuona tukio asiliwekee mzaha, akadakia, "Ndiyo, msomi! Tuletee mwanga wa chuo kikuu!"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msiba. Nikawasha tochi ya simu, nikaiinua usawa wa uso wake. Nilidhani namheshimu. Mzee Zakaria akakunja macho, akaweka kiganja mbele ya uso. Kilichomtazama hakikuwa mwanga tu. Pembeni ya mwanga lilikuwepo lile jicho jeusi, na nyuma ya jicho mtoto wa jirani anayefanya kazi serikalini.

"Mwanangu," aliniuliza polepole, "hiyo inachukua?"

"Haichukui, Mzee. Ni mwanga tu."

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Ila wewe unanijua. Nilianza kueleza. Nilieleza kwamba taa na lenzi ni vitu viwili vilivyowekwa dirisha moja, kwamba taa ile ilitengenezwa kwa ajili ya picha lakini sisi tumeiazima kwa ajili ya njia. Nilisema mwenye panga njiani hatuna haki ya kumwita muuaji, kwa kuwa huenda anakwenda kupalilia migomba. Ilikuwa hoja nzuri. Hata leo naiona nzuri. Nami niliitoa yote, tangu mwanzo hadi mwisho, nikiwa bado nimemmulika usoni.

Alisikiliza kwa subira. Nilipomaliza, akasema, "Inatosha. Mama amelala salama." Akakaa. Kwetu anayemsemea marehemu hakatizwi, na akikatizwa, siku hiyo hasimami tena. Hakuna aliyemwomba aendelee. Kabla rubisi haijagawiwa, alivaa kofia yake akaondoka, na mkewe, Mama Veneranda, akamfuata akiwa amebeba bakuli lake tupu.

Fredi alinisogelea. Mara hii hakucheka. "Kaka, ungezima kwanza, ukafundishe gizani."

Asubuhi nilivuka kijito kwenda kwao. Mama Veneranda alinipokea mlangoni, akasema mzee ametoka. Gambuti zake zilikuwa pale pale kizingitini, zikinitazama. Nikamnyooshea simu, nikasema, "Mama, tazama mwenyewe. Hakuna video, hakuna sauti, hakuna kitu."

Hakuishika. "Mwanangu," alisema, "sisi hatujui kusoma ndani ya simu. Utatuonyesha kile unachotaka tukione."

Nilirudisha simu mfukoni, Baba, nikavuka kijito kurudi nyumbani. Mtu ambaye maisha yake yote ameulizwa anatoka wapi, atatofautishaje taa inayomwonyesha kwa majirani na taa inayomwonyesha kwa wengine? Niliihesabu hofu yake kuwa ujinga, nikataka kuiondoa kwa somo. Haikuwa ujinga. Alikuwa anajua jambo ambalo mimi sikuwahi kulazimika kulijua.

Lakini hilo silo lililonikosesha usingizi huku Lindi. Siku ya safari ulinisindikiza mpaka stendi ya Biharamulo. Begi langu lilikuwa limeshapandishwa, kondakta anapiga bati, nawe ukanishika bega, ukasogeza mdomo karibu, ukaniuliza, "Umeshaifuta?"

"Nifute nini, Baba?"

"Nimekuuliza tu."

"Nitafutaje kisichokuwepo?"

"Basi, yaishe. Safari njema."

Basi liliondoka. Ulibaki umesimama pale umeshika kofia mkononi, na mimi nikageuza uso upande wa pili, jambo ninalolijutia kila nikilala. Ningeshuka. Mizigo ingekwenda yenyewe. Ningeshuka tukamalizane pale pale mbele ya wauza karanga.

Kwa sababu sauti iliyosema "mmulikie mzee" ilikuwa yako. Nimejaribu kuisahau, kwa heshima. Nimejaribu kujiaminisha kwamba ilikuwa ya Baba Mdogo. Haikuwa yake. Na wewe katekista, ambaye kijiji kizima kinakuamini ukisema mkate ni mkate, umekaa kimya huku watu wakisema mtoto wako alitumwa na serikali kukusanya maneno ya wazee. Mdogo wangu Deodata ananiambia kwa simu kwamba Mzee Zakaria sasa anapitisha ng'ombe wake njia ya juu, ile ndefu, ili asikatize uani kwetu. Wajukuu zake hawaji tena kuomba moto asubuhi. Anasema ukimwona kwa mbali unakohoa, naye anakohoa, na mambo yanaishia hapo. Nyumba mbili zilizozikana kwa zaidi ya umri wangu sasa zinakoholeana.

Nakuambia na jambo moja nililolificha hata katika hoja zangu. Kila jioni huku najaribu kuikamilisha ile sentensi. Bibi alimuuliza nini? Alimuuliza kama amekula? Alimuuliza jina la mtoto? Mama hajui. Wewe ulikuwa mdogo. Bibi yuko chini ya udongo, na neno lake la kwanza kwa mgeni limebaki kifuani mwa mtu mmoja ambaye hatupiti tena mlangoni kwake. Mnanituhumu kwamba nilirekodi. Laiti ningekuwa na hatia hiyo! Ningekuwa walau na sauti yake, na ukimya ule baada ya "aliniuliza", na huenda ningesikia pumzi ya neno lililokuwa linakuja. Sina. Simu yangu imejaa picha za samaki na mikorosho, na kitu pekee nilichokihitaji hakimo, kwa sababu nilikuwa mwaminifu.

Pamoja na barua hii naleta tochi ya betri, ya zamani, isiyo na jicho. Mpe Mama kwa ajili ya banda la kuku. Msalimie sana, mwambie kitenge alichonifungia ndicho pazia langu. Msalimie mdogo wangu Deodata, aongeze bidii kwenye Kiswahili, maana ujumbe wake hauna nukta. Baba Mdogo nampa shikamoo, na asamehe kwa kutajwa. Fredi mwambie nimemwelewa, na asiendeshe bodaboda huku akitazama nyuma. Na kama Mama Veneranda atakubali salamu zangu, mpelekee mwenyewe kwa miguu, kupitia kijitoni.

Sasa dai langu la mwisho. Najua mwezi ujao mtalijengea kaburi la Bibi, na Mzee Zakaria hatakosa, kwa kuwa yule alikuwa mama yake pia. Usinijibu kwa barua. Usinijibu kwa simu, wala kwa kumtuma Deodata. Mchana kweupe, simu zote zikiwa kwenye ungo ndani ya nyumba, isome barua hii mbele ya watu wale wale, kisha umtazame Mzee Zakaria na ujibu kwa sauti inayofika benchi la nyuma: nani alisema mmulikie mzee? Ukishajibu, kaa chini, Baba, na asizungumze mtu yeyote, mpaka yeye aseme Bibi alimuuliza nini.

Mwanao anayesubiri,
Leopold