Mkwe Nyuma ya Lori

Vero, mwenzio nimechoka. Acha unachofanya unisikilize.

Ile warsha ya kimataifa ya plazma, gesi ya moto ya kwenye nyota, mume wangu kaisubiri miezi minane. Leo ndiyo wamempa dakika kumi aongee kwa mtandao.

Huku Nyakisasa mtandao hakuna, basi Shilinde akaenda Lusahunga, kwenye mgahawa wa pale malori yanapopaki. Dakika ya pili tu, akamwona mama yangu kajibanza mlangoni.

Dakika ya pili, Vero!

Na huyu Msukuma wangu unamjua, hakai uso kwa uso na mama mkwe. Kanyanyuka, kaenda kujificha nyuma ya lori! Wazungu wanaita kwa Kiingereza, “Mwalimu Shilinde, unatusikia?”

Mama akawaonea huruma. Akasogea kwenye kompyuta, akadhani wanamwamkia.

“Marahaba, wanangu. Mkwe wangu yuko nyuma ya lori, ananiheshimu.”

Hivyo hivyo mpaka muda ukaisha.

Sasa karudi, kajilaza, anauliza kitu kimoja tu: nani alimwambia mama?

Vero, ni mimi. Miaka sita ya ndoa, mama alitaka japo mara moja aisikie sauti ya mkwe wake.