Anakohoa, na Mimi Ndiye Ninayeshika Kikombe

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya kesho asubuhi, maana nimekwama, mimi ni msaidizi wa daktari wa meno na kazi yangu ni kumpokea mgonjwa mlangoni, kumuuliza kama ana homa au kikohozi, kisha kumpa kikombe cha dawa ya kusukutua ili vijidudu vya mdomoni vipungue kabla mashine haijaanza kurusha mate chumba kizima, na chumba chetu ni kidogo, dirisha halifunguliwi kwa sababu ya vumbi la seremala jirani. Sasa mume wangu, fundi friji, gego limemtesa wiki nzima na kesho ndiye wa kwanza kitini, lakini tangu juzi ana homa na anakohoa hadi kitanda kinatikisika, nikamwambia tumjulishe daktari, akasema nisithubutu, ataahirishwa na yeye hawezi tena kulala na lile jino, tena akanicheka, "Si kuna dawa yenu ile? Nitasukutua mpaka virusi viombe poo!" na kweli chupa tuliyo nayo nyumbani ameifikisha nusu, anasukutua, anatema, anakohoa, anasukutua tena, na mama mkwe naye amenikalia kooni, "Mumeo anaumwa, wewe unawalinda watu baki?"

Mshauri, huyo mtu baki ni mama mmoja anayetibiwa saratani, ndiye anayefuata baada ya mume wangu, kiti kilekile, hewa ileile, ameambiwa jino lake litolewe kwanza ndipo matibabu yaendelee, na kila akija hunishika mkono, "Mwanangu, hapa kwenu nakuja bila wasiwasi." Naogopa. Nikisema, nyumbani hakukaliki, nikinyamaza, kesho nitamuuliza mume wangu lile swali mbele ya daktari, atajibu hana, nami nitampa kikombe. Isome redioni, hatukosi kipindi chako, labda wewe atakusikia.

Mshika Kikombe

*

Mshika Kikombe, barua yako nimeipitisha mbele ya zote. Pole sana, na pole ya gego la mumeo pia, maumivu ya jino hayana mzaha. Lakini pole zangu zinaishia hapo.

Kazi ya kile kikombe unaijua kuliko mimi, mbona unaniuliza kama mgeni? Nimempigia daktari wa meno ninayemwamini, akaniambia dawa ile inaweza kupunguza virusi vya mdomoni kwa muda mfupi, basi. Mapafuni haifiki, na mtu akishakohoa, vingine vinapanda. Ni nyongeza tu juu ya barakoa, hewa safi na lile swali lako la mlangoni. Si kibali cha kudanganya. Hiyo chupa mnyang'anye, anajichubua mdomo bure.

Kipindi kikiisha, mpigie daktari. Leo, si kesho mlangoni. Mweleze kikohozi, mweleze na jino linavyomnyima usingizi, kwani nani kakwambia ataachwa ateseke? Anaweza kumpa dawa ya maumivu, au kumweka wa mwisho kabisa, watu wote wakiwa wameondoka. Shavu likivimba au akishindwa kumeza, hapo hakuna kusubiri, aende hospitali, na huko pia aseme anakohoa.

Halafu kuna jambo umeliruka, dada, nami nimeliona. Wewe unalala naye. Mwambie daktari na hilo, huenda kesho hutakiwi kukanyaga kliniki.

Mama mkwe atanuna. Mwache anune, mjibu kwa adabu na umpelekee chai yake.

Na wewe fundi friji, shemeji yangu, najua umekaa hapo unasikiliza. Mkeo hakukusema vibaya hata neno moja. Kesho kuna mama wa watu atakaa kwenye kile kiti bila wasiwasi. Basi nakuuliza mimi badala ya mkeo, ujibu hapo hapo ulipo, naye anakusikia: una kikohozi?