Siku Kingamwili ya Bi Maswali Ilipojaribiwa

Nyumbani,
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku tu wazima. Mama watoto anakusalimu, na ananihimiza nikuandikie upesi kabla furaha haijanipasua.

Furaha yenyewe ni ya binti yetu, Bi Maswali. Unajua yuko maabara ya pale hospitali, anachunguza seli. Ndani ya seli mna kiini, na ndani ya kiini mna kidoa kidogo zaidi. Humo ndimo ilimo protini anayoitafuta. Ili aione, anahitaji kingamwili ya kuikamata hiyo peke yake na kuifanya ing'ae. Zile za kununua zilikuwa zinanata kila mahali, kama rangi mbichi mikononi mwa mtoto. Akaamua watengeneze yao.

Kazi hiyo, dada, ni ulezi mtupu. Unatenga seli moja inayotoa kingamwili, unailisha, inazaana, na uzao wake wote unatoa kitu kilekile. Wamefika katikati, ukungu ukaingia kwenye visahani vya kulelea seli. Karibu seli zote zikafa. Mkuu wake akamwambia aachane nayo. Yeye akaomba alee kisahani kimoja kilichopona. Hapa nyumbani akawa hali chakula vizuri. Ukimsemesha anaitikia "eeh" tu, macho yake yako mbali.

Juma lililopita alinialika nikaone kingamwili ya kisahani hicho ikijaribiwa. Mimi fundi rangi, nikavalishwa koti jeupe! Nimechanganya kijani cha kila namna, lakini kile cha kwenye skrini ya hadubini sijapata kukiona: vidoa viking'aa katikati ya kila kiini. Wenzake wakapiga makofi.

"Msishangilie bado," akasema.

Akaweka kioo kingine chenye seli chini ya hadubini. Skrini ikawa nyeusi ti. Nikajua mambo yameharibika, nikaanza kutafuta neno la kumpoza. Mara mkuu wake akainuka, akampa mkono.

"Giza tupu! Nilikosea kukukatisha tamaa. Hongera."

Nikamuuliza binti, "Hongera ya giza?"

Akacheka huku machozi yanamtoka. "Baba, kwenye seli hizi tuliiondoa ile protini. Kingamwili ya uongo ingeng'aa hivyo hivyo. Hii imenyamaza kwa sababu hakuna cha kushika."

Dada, angeweza kuyapokea yale makofi ya kwanza akakaa zake. Hakutaka sifa itangulie ukweli. Hapo ndipo kifua kiliponijaa. Sasa hata maabara nyingine zimeanza kuiomba.

Nikitoka, mlinzi wa getini akaniuliza kwa upole kama nimeleta mgonjwa. Nikamwambia, "Hapana, nimekuja kumwona mwanangu akiwa kazini." Kisha nikarudia, ingawa alikuwa amenisikia vizuri.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu wote, hasa kitinda mimba na ubishi wake. Mungu awafunike kwa heri, atukutanishe tukiwa bado na nguvu za kukumbatiana.

Mdogo wako akupendaye.