Siku Moja kwa Ndege

Kanoni, Jumanne, Machi 1955

Siku moja tu kwa ndege, London mpaka Nairobi! Kaka ameandika mwenyewe na kupigia mstari, katika barua iliyofika leo. Lakini haji. "Nina mitihani, dada."

Baba tulimzika wiki tano zilizopita. Mrithi asipokalia kiti chake, matanga hayaanuliwi, na matanga yasipoanuliwa hatushiki jembe. Mvua inanyesha bure. Maharage ya mbegu yameanza kuota kapuni.

Mama anamtetea. "Tumngoje, mwanangu. London ni mbali."

Mbali! Mimi nilitembea siku tatu kutoka kwa mume wangu, kijijini Songambele, na mimba tumboni, nikamwahi Baba angali anapumua.

Kesho kiti hicho nitakikalia mimi, binti, kisha nikalime. Wazee watanilaani. Naogopa laana, ndiyo. Njaa naiogopa zaidi.