Bahasha ya Jemadari Idegawa

Kawaguchi, 21 Novemba

Dada yangu Natsuyo,

Pokea salamu zangu, hata kama bado umenuna. Goti lako linaendeleaje na baridi hiyo ya Morioka? Na Mama je, amekubali kuvaa soksi mbili au bado anabishana nawe? Sisi huku ni wazima, isipokuwa Koharu ameota jino la pili na ameamua jengo zima lipate habari. Sasa hivi amelala kifuani kwangu, kwa hiyo ukiona mstari umepinda, mlaumu mwanao.

Nakuandikia kwa sababu simu zetu unazikata. Kabla hujakata ile ya mwisho, ulimwambia mume wangu Yasuhiko kwamba karani wa mihuri kama yeye hageuki, kwamba yeye angeomba kibali hata cha kupiga chafya, na kwamba kwa adabu zake hizo amekiua kijitabu chetu cha katuni. Alinieleza maneno yako yote bila kupunguza, akaenda kuosha vyombo.

Najua kwa nini ulikasirika. Miaka sita tumemchora Jemadari Idegawa wa watu wengine, yule wa kwenye katuni anayekata milima kwa upanga, tukamfanya baba asiyejua kufunga nepi. Sheria yetu haina mlango wa mzaha. Mhusika ni mali ya mwenyewe, na kumchekesha bila ruhusa ni kosa. Lakini shauri haliendi popote mpaka mwenye mali alalamike, na wenye mali hawalalamiki, maana wanageuza uso upande wa pili. Wewe ndiye uliyenifundisha: chapisha vichache, usijifanye kampuni, na usiwapelekee kamwe, kwa sababu ukimwonyesha mtu kitu anachojitahidi kutokiona, umemlazimisha akuadhibu. Sasa nakala ya kijitabu chetu kilichopita ikapelekwa kwao, na boksi la keki za maharage juu yake, na barua ya heshima ya kuomba ruhusa.

Wiki iliyopita walinipigia simu kutoka ofisi yao ya sheria. Mzee mmoja, jina lake Kuramochi, aliniuliza kama ningeweza kufika Suginami Jumanne asubuhi. Nilimbeba Koharu mgongoni, nikapanda treni nikiwa na suti ya mazishi, maana ndiyo pekee inayonitosha tangu nijifungue. Njiani nilikuwa nafanya mazoezi ya kuomba radhi mpaka mama mmoja akanipisha kiti, nadhani alifikiri nimefiwa kweli.

Dada, sijui nikuelezeje chumba kile. Kilikuwa kidogo, na mezani palikuwa na bahasha yetu tu. Kona moja ilikuwa imechanika, ikabandikwa upya kwa gundi ya karatasi, vizuri sana. Mzee Kuramochi alinishukuru kwa keki, akasema ofisini waligombania za mwisho. Halafu akaniambia polepole kwamba yeye akifungua bahasha kama hiyo na kusoma barua iliyomo, kazi inamlazimu ajibu, na jibu lenyewe alilirithi kwa aliyemtangulia, ni mstari mmoja wa kukataa, wala halina tabasamu. Nilitaka kufungua mdomo nikiri. Akanyanyua kidole kidogo tu, akaniuliza kama mtoto hajambo.

Hapo Koharu akaanza. Unamjua akianza. Mzee aliomba ambebe, akasema ana wajukuu wanne na hakuna aliyewahi kumshinda. Akamlaza kwenye bega la kushoto, akawa anatembea kutoka dirishani hadi mlangoni, akinong'ona majina ya panga za Jemadari, moja baada ya jingine, kama anasoma orodha ya askari. Upanga wa Ngurumo. Upanga wa Mpasua Milima. Kisha akasema, taratibu kabisa, Upanga wa Nepi ya Chuma.

Huo wa tatu haumo kwenye katuni yao, Dada. Ulitungwa na wewe jikoni kwa Mama. Uko ukurasa wa kumi na saba, pale Jemadari anapombembeleza mtoto, na hauko kwingine duniani.

Koharu alinyamaza. Mzee alinirudishia mtoto, akasema anakwenda kutafuta maji ya moto ya kukorogea maziwa yake, atachukua kama dakika kumi. Akaongeza kwamba bahasha ile inaonekana ilifika hapo kwa makosa ya posta, na kwamba akirudi asipoikuta ataelewa kuwa mwenyewe ameichukua. Akainama, akatoka. Niliiweka chini ya blanketi la mtoto. Aliporudi na maji hakuitazama meza hata mara moja. Nimeolewa, nimezaa, lakini sijawahi kuona mtu akilinda kitu cha mwenzake kwa kutotazama tu.

Sasa nifikie lililonifanya nishike kalamu. Yasuhiko hakutuma bahasha ile. Niliituma mimi.

Ilikuwa Oktoba, Koharu ana homa, na wewe umenitumia ujumbe kwamba zimebaki kurasa kumi na nne za kijitabu cha Desemba. Nilichoka, Dada. Nilikuwa nachora kwa mkono mmoja. Sikuweza kukwambia hapana wewe uliyenifundisha kushika kalamu, basi nikatafuta hapana yenye muhuri, nije nikuonyeshe tulie pamoja. Habari ilipokufikia ukamrukia shemeji yako, naye akaipokea lawama, akaniambia afadhali umchukie yeye kuliko mimi. Nikamwachia. Kwa hilo naona aibu kuliko kosa lenyewe.

Mzee Kuramochi hakunipa hapana niliyokwenda kuitafuta, na nimeelewa kwamba hakuna wa kunisemea. Kwa hiyo naisema mwenyewe. Desemba hii nitachora kurasa nane, si hizo kumi na nne. Baada ya hapo sichori mpaka Aprili, Koharu atakapoanza kwenda kwa walezi. Ukiona meza yetu ya kuuzia vijitabu haiwezi kungoja, tafuta mwenzako wa kuketi naye, sitakununia. Lakini usinisihi kwa sauti ile yako ya upole, maana nitakubali, halafu nitakuchukia.

Na kabla hujanipigia mimi, mpigie shemeji yako umwombe radhi. Anatoka kazini saa kumi na moja na robo. Usipitishe kwangu.

Mwambie Mama mjukuu wake anamtumia busu lenye mate. Jipashe moto, na goti lisipande ngazi bila sababu.

Mimi mdogo wako,
Tomoe