Makaribisho Yaliyowafukuza Wageni

Mtaa wa Sokoni,
Voi.
14 Agosti, 1999

Mpendwa mwanangu Fawaz,

Assalaam aleykum. U hali gani huko Toronto? Aliya na watoto hawajambo? Yule mdogo ameshaota meno? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila goti langu bado linanisumbua, na Voi ni vumbi tupu tangu Juni.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu ya kuona haya. Nyingine sina.

Ulipotutengenezea ile tovuti ya nyumba yetu ya wageni, ulinishauri tangazo liwe kidirisha kimoja tu cha kujitokeza juu ya ukurasa. Kichomoze mgeni akishasoma kidogo, pa kukifungia paonekane wazi, na akishakifunga kisimrudie. Mimi nikakukaripia kwenye simu. Nikakwambia ugeni umekusahaulisha adabu, kwetu mgeni hakaribishwi mara moja tu! Nikakulazimisha uweke kidirisha cha “Karibu” kila ukurasa, kingine cha vyumba, kingine cha safari za Tsavo, hata cha biriani ya mamako, na mtu akikifunga kirudi. Ukatii kwa kuwa mimi ni mjomba wako. Na hiyo tovuti yenyewe sikuwa nimeiona hata siku moja.

Mwezi wa sita ikaja barua ya wale Wajerumani watazama ndege, wageni wetu wa kila Julai. Walijaribu mara tatu kufika pale pa kuweka nafasi, vidirisha vikawazuia, wakaamua kulala kwingine. Bila wao jiko lilikosa kazi. Mamako sasa yuko Malindi, anapika nyumbani kwa watu, yeye aliyezoea kutoa amri jikoni kwake.

Juzi nilikuwa Mombasa, nikaingia duka la intaneti nijionee. Bi Nduku, mwenye duka, akanifungulia. “Karibu” ya kwanza ikatokea, nikafurahi kama mtoto. Nikaifunga, zikaja mbili. Nikazifunga, zikaja nne, kompyuta ikaganda. Bi Nduku akasonya. “Mzee, hawa watu wana shida gani? Si wamwache mtu aingie kwanza!” Sikumwambia kwamba watu hao ni mimi.

Lakini kuna linaloniuma zaidi. Siku ile ya barua, mamako aliniuliza, “Kwani Fawaz alikosea wapi?” Nikamficha kwamba vidirisha vile niliviagiza mimi. Nikajidanganya kwamba huenda kweli kazi yako ndiyo mbovu. Alipofunga mizigo akaniambia, “Usimwandikie, kaka. Ataumia bure, mtoto wangu.” Dada yangu ameondoka akiamini kwamba wewe ndiwe uliyemtoa jikoni kwake, na bado anakukinga. Mwanangu, nimeona haya mpaka nimelia.

Vitoe vyote. Ukiona kimoja kinafaa, kiweke upendavyo wewe, mimi sina neno tena. Jumamosi ijayo nakwenda Malindi kumwambia mamako ukweli. Naogopa, na uzee wangu huu. Nisamehe ukiweza.

Msalimie sana Aliya na uwabusu watoto. Mke wangu Mwanarusi anakusalimu, na Ayub wa duka la vitambaa anakuulizia kila siku. Mola akulinde huko uliko na akujaalie wazee wenye masikio kuliko mimi.

Salamu za mamako, ambazo ndizo hutangulia katika barua zetu, safari hii sina.

Mimi nikupendaye,
Mjomba Alwi